Kumbukumbu ya mradi: upepo uliojificha kwenye banjo

Imekamata. Mkono wa breki ya mbele ya pikipiki yangu sasa unasimama mbali na gripu (mpini wa usukani) na hausogei tena hata ukiukamua kwa vidole vyote. Nimeubonyeza mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa furaha tu ya kuuhisi ukigoma. Naandika haya kabla sijasahau, kwa sababu tatizo lililonitesa si la sehemu mbovu wala la kuvuja. Ni la mwinamo uliofungia upepo (hewa) kwenye banjo, kiungo kinachofunga bomba la mafuta kwenye masta silinda, na naamini pikipiki nyingi za aina ya kruza zenye usukani wa juu unaorudi nyuma zinalo bila wenyewe kujua.

Kazi yenyewe kwa kifupi: nimetoa kalipa (kifaa kinachobana diski) ya kiwandani ya kuelea, yaani inayoteleza, pistoni mbili za milimita 28, nikafunga ya kukaza, isiyoteleza, yenye pistoni nne, mbili za 34 na mbili za 30. Bomba la mafuta la mpira la zamani nalo limetoka, limeingia la kusukwa kwa waya wa chuma. Diski ni ileile, masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na mkono wa breki) ni ileile ya milimita 12.7. Bamba la kushikia kalipa limechongwa kwa aluminiamu ya 7075. Kufunga na kufungua mnakujua, siendelei.

Ila nieleze kwa nini sikubadilisha masta, maana karibu kila mtu hushauri "kalipa kubwa, masta kubwa". Kwanza, pistoni nne hazimaanishi nguvu mara mbili. Kwenye kalipa ya kukaza, pistoni za upande mmoja zinasukumana na za upande wa pili, kwa hiyo unahesabu upande mmoja tu. Kalipa ya zamani ilikuwa na eneo la milimita za mraba 1,232. Hii mpya ina 1,615. Gawanya kwa eneo la masta ya 12.7, ambalo ni 126.7: uwiano umetoka 9.7 hadi 12.7. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 31 kwa mkono uleule. Weka masta ya 16 hapo uone: uwiano unashuka hadi 8.0, chini ya ule wa kiwandani. Mkono utakuwa mgumu, utajisikia una breki kali, kumbe umepoteza nguvu. Ugumu wa mkono na ukali wa breki ni vitu viwili tofauti, na vinachanganywa kila siku.

Gharama ya uwiano mkubwa ni mwendo. Asilimia 31 ya nguvu unailipia kwa asilimia 31 ya safari ya mkono. Kwa hiyo mfumo wa namna hii hausamehi upepo hata kidogo, na hapo ndipo mateso yalipoanza.

Baada ya kujaza mafuta na kutoa upepo kwa njia ya kawaida, mkono ulikuwa unazama mpaka unagusa gripu. Ukipampu haraka unapanda na kukaza kidogo, ukiuacha unarudi ulegevu uleule. Mkono unaopanda ukipampu ni upepo, au pedi ziko mbali na diski. Mkono unaozama polepole huku umeushikilia ni kuvuja, ama nje ama ndani ya masta kwenye kikombe cha mpira kinachoziba pistoni. Mkono ulio mzuri pikipiki ikiwa imesimama lakini mrefu baada ya kuendesha ni diski inayoyumba na kurudisha pistoni nyuma. Hili linaisumbua zaidi kalipa ya kukaza kwa sababu yenyewe haitelezi kuifuata diski. Nilianza na hilo la diski ili niliondoe mezani: daili geji, ya kupima kuyumba, ikasoma milimita 0.10, safi kabisa. Nikapima kwa fila geji (vibamba vya kupimia nafasi) pengo kati ya diski na mwili wa kalipa pande zote mbili, yakalingana. Niliukaza mkono nikaufunga kwa kamba, haukuzama. Basi umebaki upepo.

Nikapampu tena, chupa kwa chupa. Mafuta yanatoka safi kwenye nipeli (kijiskrubu cha kutolea upepo kwenye kalipa), hakuna kiputo, na mkono bado unazama. Hapo ndipo nilipoacha spana nikachukua kalamu. Pistoni ya masta ikisafiri milimita 12 inasukuma mililita moja na nusu hivi. Bomba jipya lina tundu la milimita 3.2, kwa hiyo kila nikikamua, mafuta yanasogea karibu sentimita 19 tu ndani ya bomba lenye urefu wa mita 1.2. Mwendo ni wa polepole, na kila unapofunga nipeli na kuachia mkono kuna kituo. Viputo vidogo vinatumia kituo hicho kupanda kurudi vilikotoka. Na upepo uliokaa mahali palipoinuka kuliko pengine, mafuta yanapita chini yake na kuuacha pale juu.

Swali likawa: pako wapi pale pa juu kuliko pote?

Niliweka pima maji ndogo juu ya kifuniko cha masta. Usukani wangu unapanda kisha unarudi nyuma huku ukishuka kuelekea gripu, kwa hiyo masta imelala: upande wa mkono uko chini, upande wa ndani inapofungwa bolti ya banjo uko juu. Povu la pima maji lilikimbilia upande wa banjo na kugota. Nililitazama nikaelewa kila kitu, maana povu lile lilikuwa linanionyesha alipo ndugu yake ndani ya masta. Kile kitundu kidogo sana kinachounganisha chupa ya mafuta ya masta na silinda, ambacho ndicho mlango wa upepo kutokea juu, kiko nyuma, mbele kidogo tu ya kikombe cha pistoni. Upepo uliokaa kwenye banjo ungelazimika kushuka ili uufikie mlango. Upepo haushuki.

Ndiyo maana hata kuufunga mkono usiku kucha hakukusaidia. Njia hiyo inafanya kazi kwa sababu viputo vikibanwa vinapungua ukubwa, vinajibandua kwenye kuta za bomba na kupanda hadi kwenye masta, na unapoachia asubuhi kile kitundu kinafunguka na vinatoka. Kwenye masta iliyolala kinyume, vinapanda vizuri sana hadi kwenye banjo, na vinakaa hapo hapo.

Kusukuma mafuta kutoka chini kwa bomba la sindano nako kulinifikisha nusu ya safari. Kwa hili la kusukuma kutoka chini nina msimamo mkali: ndiyo njia ya kwanza kwa bomba jipya tupu, si ya mwisho. Upepo unataka kwenda juu, usindikize. Pampu ya kuvuta ya mkono, kinyume chake, nimeiweka kabatini na sitaitoa. Ukilegeza nipeli, pampu inavuta hewa kupitia nyuzi za nipeli, na unaona viputo visivyoisha kwenye bomba la plastiki ambavyo havijawahi kuwa ndani ya breki. Unafukuza kivuli. Grisi kwenye nyuzi inapunguza hilo, lakini chombo kinachokudanganya kuhusu kitu chenyewe unachokipima hakina kazi kwangu. Bomba la sindano na kipande cha mpira kinachobana nipeli vizuri vinaishinda mbali.

Dawa ilikuwa kuigeuza masta bila hata kuifungua. Pikipiki kwenye stendi ya pembeni inalala kushoto, kwa hiyo upande wa kulia unainuka. Kisha usukani ukate wote kushoto. Kruza ina mhimili wa usukani uliolala sana kwa nyuma, na kwa sababu hiyo upande wa kulia wa usukani ukienda mbele unapanda pia. Nilipofanya yote mawili, povu la pima maji likatambaa likarudi upande wa mkono. Banjo sasa iko chini ya kitundu.

Nikafungua kifuniko, nikazungushia tangi kitambaa chenye maji (mafuta ya DOT 4 yanakula rangi na hayasubiri), nikaanza kugonga masta na banjo taratibu kwa mpini wa bisibisi huku nikivuta mkono milimita chache tu, si zaidi. Ukivuta sana kikombe kinapita kitundu na mlango unafungwa; lazima ucheze pale mwanzoni kabisa. Likatoka povu moja kubwa kama punje ya dengu, likapasuka juu ya mafuta. Kisha vidogo vidogo, mfululizo, kama vile vilikuwa vinasubiri ruhusa. Kila vinapotoka mkono unapanda kidogo. Nilihisi unapanda!

Kumalizia, nililegeza bolti ya banjo ya juu kwa robo mzunguko huku mkono umekamuliwa na kitambaa kimezungushiwa, nikakaza kabla ya kuachia. Pakatema povu la mwisho. Washa za shaba ni mpya pande zote mbili, na bolti nimeikaza kwa toki renchi. Kwenye bolti yenye tundu katikati sikubali kukaza kwa kukisia: ukizidisha inakatika, ukipunguza inavuja, na vyote viwili unavijua ukiwa unahitaji kusimama.

Kuhusu mafuta, nimebaki DOT 4. Kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 230 yakiwa makavu na 155 yakishanyonya maji, na yatanyonya tu, kwa hiyo yabadilishwe kwa wakati. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na haya hata tone. Jina la 5.1 lisiwachanganye, hiyo ni familia ya 4.

Kulaza pedi (kuzizoesha kwenye diski) nimefanya kwa kushuka kutoka kilomita 60 kwa saa hadi karibu 10, bila kusimama kabisa, nikiacha ipoe katikati. Diski ina rangi sawa uso mzima. Vidole viwili vinatosha.

Mpango uliofuata ulikuwa kupaka rangi lile bamba na kutafuta bolti ya banjo yenye nipeli yake juu ya masta, ili nisirudie mazoezi haya kila nikibadilisha mafuta. Bolti bado naitaka. Rangi nimeiahirisha, kwa sababu breki imefichua kitu kingine: shokapu za mbele zinazama vibaya. Nilifunga kibanio cha plastiki kwenye bomba la shokapu, nikakamata breki kwa nguvu barabarani, niliposimama kilikuwa kimesukumwa karibu hadi mwisho. Kimebakiza milimita chache.

Na ni lazima iwe hivyo. Chukua kitovu cha uzito kilicho mita 0.5 juu ya ardhi na umbali wa mita 1.65 kati ya ekseli. Ukipunguza mwendo kwa 0.8 ya nguvu ya uvutano, karibu robo ya uzito wote, asilimia 24, inahamia gurudumu la mbele. Breki ya zamani haikuwahi kuziomba springi hizi kazi hiyo. Sasa inaomba kila siku.

Kwa hiyo venia (kipimio cha urefu) iko mezani na kofia za shokapu ziko nje. Kabla ya kununua springi ngumu zaidi nataka kwanza kupima shokapu zinakaa kiasi gani nikiwa juu ya kiti, kisha nikate vipande vya bomba la PVC vya kukandamiza springi, virefu kidogo kuliko vile vya kiwandani, nione kibanio kitaishia wapi. Kiwango cha mafuta ya shokapu nitakiacha kama kilivyo mpaka hapo, ili nikiona badiliko nijue limetoka kwenye springi.