Robota Ishirini na Nne

Mwaka 2009 nilikuwa karani mdogo katika ofisi ya wakala wa forodha, Tanga. Nilitoka Korogwe na cheti changu, mjini sina ninayemjua. Bosi alinionya siku ya kwanza: usizoeane na makarani wa kampuni nyingine, watatunyang'anya wateja. Hakuwa mtu mbaya. Meli zilikuwa chache na kila mtu aliziwinda.

Mchana nilimtii. Alfajiri, nikitoka msikitini, nilipita barazani Ngamiani, Barabara ya Nane, nikanywa kahawa kwa kashata. Hapo alikaa mzee mmoja, karani wa tali, yaani mhesabu mizigo bandarini, wa kampuni ile ile tuliyogombea nayo shehena.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe waja leo?"

Miezi mitatu nilimsikiliza tu, sikumwomba kitu. Alipenda kusimulia mkonge ulivyofika kwetu: mwaka 1893 Dakta Hindorf, Mjerumani wa kilimo, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. "Karatasi ilisema elfu," angemalizia, huku akigonga kikombe. "Wewe hesabu iliyo hai."

Nilicheka pamoja na wenzangu. Sikujua ananifundisha kazi.

Ukaja Agosti. Miaka ile, kabla bandari haijachimbwa kina, meli kubwa haikufunga gatini. Ilitia nanga mbali, mzigo ukapelekwa kwa matishari, vyombo bapa vya mizigo vinavyovutwa. Tulikuwa na robota 480 za katani, kila moja kilo 250. Orodha niliiandika mimi, nikinakili kadi ya ghalani bila kwenda kuangalia. Nilikuwa nimechoka, na kadi ilikuwa na mhuri.

Saa kumi alfajiri simu ikalia. Mzee alikuwa zamu ya usiku.

"Mwanangu, nimepita ubavuni mwa matishari yenu. Mzigo ule hauniingii akilini. Njoo uhesabu kabla hayajavutwa."

Nilikimbia na kandambili. Nikahesabu na msimamizi wetu, safu kwa safu, tochi mkononi, tukarudia tena. 456. Robota 24, tani 6 nzima, zilikuwa bado ghalani nyuma ya milango iliyofungwa. Meli ingeondoka na hati inayosema 480, mnunuzi angedai, na ningekuwa narudi Korogwe. Mikono ilinitetemeka hata baada ya lori la mwisho kufika.

Kilichoniuma ni kwamba kampuni yake ndiyo ingefaidika tukianguka. Angeweza kunyamaza tu.

Kesho yake nilimpelekea bahasha yenye pesa. Aliirudisha mfukoni mwangu kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kama anayemvisha mtoto shati.

"Nilipie kahawa."

Nikalipa. Alfajiri ile, na nyingine nyingi. Alipofiwa na dada yake nilikaa matangani siku zote tatu, nikabeba maji na wajukuu zake.

Mwaka uliofuata kampuni yake ilitafuta karani mkuu. Sikuwa nimepeleka barua. Mzee alinipeleka mwenyewe, kanzu imepigwa pasi, akasimama mlangoni kwa meneja.

"Mzee, huyu kijana unamjuaje?"

"Alihesabu mzigo wake usiku, akakiri kosa mbele ya wapagazi. Halafu tunakunywa kahawa pamoja."