Kutuliza kelele ya feni ya gari bila kuinyima hewa njia

Majira ya kaskazi hapa Mombasa, gari lisilopitisha hewa halikaliki. Katika foleni ya kivuko cha Likoni, madirisha yakiwa yamefungwa, feni ya kiyoyozi hupandishwa hadi daraja ya mwisho, na katika magari mengi daraja hiyo hufunika mazungumzo yote. Kwangu hili si suala la starehe tu. Mama yangu huvaa vifaa vya kusaidia kusikia, navyo hukuza mvumo wa feni pamoja na sauti ya anayemzungumzisha, kwa hiyo njia nzima ya kwenda kliniki huwa hayapati maneno yanayosemwa ubavuni pake.

Shauri linalotolewa upesi ni kuziba: kitambaa kwenye tundu, sponji ndani ya bomba. Silikubali hata kidogo. Hewa ikizuiwa, evapareta ya kiyoyozi, yaani sehemu inayoipoza hewa, inaweza kuganda barafu, na rezista ya feni, kifaa kinachopunguza umeme ili feni iwe na daraja za kasi, ambayo katika magari mengi hupozwa na upepo uleule wa feni, hupata joto kupita kiasi. Hewa na sauti hupitia mlango mmoja, lakini tabia zao ni mbalimbali: hewa hupinda kona bila taabu mradi njia iwe pana, ilhali sauti nyembamba ikigonga kitu laini chenye vinyweleo hunywewa humo. Tofauti hiyo ndiyo ya kutumia.

Hata hivyo, kazi huanzia kwenye feni yenyewe. Mengi ya magari yetu yalitumika kwanza Japani, usukani wake uko kulia, na feni hukaa upande wa abiria, nyuma au chini ya kijisanduku cha dashibodi. Fundi alipoifungua ya kwetu, tulikuta vijani vikavu vya mwarobaini vimejibana kati ya vibamba vyembamba vya gurudumu la feni, vingi vikiwa upande mmoja, na upande huo mzito ndio uliokuwa ukitikisa mota na kuleta mngurumo mzito uliosikika hadi miguuni. Gari linaloegeshwa chini ya mwarobaini hupokea vijani hivyo kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Chujio la hewa nalo lilikuwa jeusi kwa vumbi, na chujio la namna hiyo humlazimu dereva kupandisha feni daraja moja zaidi ili apate upepo uleule.

Daraja hiyo moja ina gharama kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwa kanuni za mafeni, mzunguko ukipungua kwa nusu, hewa nayo hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, na sikio huhesabu kila desibeli 10 kuwa ni kama sauti imepungua nusu. Kwa hiyo kila unachofanya kuipanulia hewa njia, kisha ukashusha feni, hukulipa maradufu. Fungua matundu yote ya dashibodi badala ya kubana mawili na kuyaacha mengine yapige mluzi. Gari likishapoa, punguza feni mara moja.

Penye faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mdomo unaovuta hewa ya ndani ya gari. Kiyoyozi kinapozungusha hewa ya ndani, kama tufanyavyo sote wakati wa joto, mdomo huo huwa wazi na kelele ya feni humwagika moja kwa moja miguuni pa abiria. Dawa yake ni kibao kilichobandikwa sponji upande unaotazama feni, kisimamishwe mbele ya mdomo bila kuugusa, ili hewa iingie kutoka pembeni na sauti igonge sponji kwanza. Umbali wake hupatikana kwa hesabu nyepesi. Mdomo wa mraba wenye upande wa sentimita 20 una eneo la sentimita za mraba 400, na mzingo wake ni sentimita 80. Nafasi ya sentimita 5 pande zote nne ndiyo inayolingana na mdomo wenyewe, kwa kuwa 80 mara 5 ni 400. Mimi ningeacha 7 au 8, kwa kuwa hewa inayogeuka kona huhitaji upana zaidi, na kipimo kianzie kwenye uso wa sponji, si kwenye kibao. Kabla na baada ya kufunga, ning'iniza utepe wa karatasi laini mbele ya tundu la dashibodi, feni ikiwa daraja ileile. Utepe ukilegea kuliko mwanzo, kibao kisogezwe nyuma.

Sponji iwe ya vinyweleo vilivyo wazi: ukiiweka mdomoni na kupuliza, pumzi itokee upande wa pili. Ile ngumu isiyopitisha pumzi hainywi sauti ya maana. Sponji ya godoro isitumike, kwani hushika moto upesi. Tafuta iliyotengenezwa kuhimili moto. Unene wa sentimita 2.5 hupunguza mluzi na mchakacho, lakini mngurumo mzito haupungui kwa sponji, huo hutibiwa kwa kusawazisha gurudumu la feni na kubadilisha mipira iliyochakaa inayoishikilia mota. Unyevu wetu wa pwani huiozesha sponji mapema, kwa hiyo ikaguliwe kila chujio linapobadilishwa, na ikianza kutoa harufu ya uvundo au kumeguka kwa kidole, ibanduliwe kabla chembe zake hazijavutwa na feni.