Château Gaillard: mteremko chini ya ngome

Kutoka Rouen, kaskazini mwa Ufaransa, tuliufuata mto Seine kwa gari. Tulipokaribia Les Andelys, ngome tuliiona kabla ya mji wenyewe, magofu meupe juu ya jabali la chokaa. Njia ya kupandia ni kali, na upepo wa mtoni haukupi nafasi ya kuzungumza.

Aliyeijenga ni Richard, mfalme wa Uingereza aliyeitwa Moyo wa Simba, ambaye Normandy, jimbo hili, nayo ilikuwa yake. Kati ya 1196 na 1198 alijenga ngome juu ya jabali ili kumzibia mfalme Philippe wa Pili wa Ufaransa njia ya Rouen. Miaka miwili tu! Ardhi ilikuwa ya askofu mkuu wa Rouen, naye alighadhibika hata akasimamisha ibada Normandy nzima, mpaka alipopewa fidia, bandari ya Dieppe ikiwemo. Nilipapasa ukuta wa ndani, uliojaa vitumbo vya nusu duara vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, nikastaajabia ufundi wake. Richard mwenyewe hakuifaidi. Alifariki 1199, ikarithiwa na mdogo wake, John.

Lakini kilichonishika moyo ni mteremko wa nje. Philippe alipoizingira ngome 1203, watu wa mji wa chini walikimbilia ndani. Mkuu wa ngome, Roger de Lacy, alipoona akiba ya chakula inapungua, akawatoa kwa makundi. Ya kwanza Wafaransa waliyaacha yapite. Kundi la mwisho, mamia ya watu, likazuiwa kwa amri ya Philippe, na waliporudi langoni wakakuta limefungwa. Wakabaki hapo kati ya majeshi mawili, baridi yote ile, wakila majani na nyama ya mbwa. Philippe alipowahurumia hatimaye, wengi walikuwa wamekwisha kufa, na wengine walikufa kwa kula baada ya njaa ndefu. Hawakuwa askari wa upande wowote. Walikuwa wakazi wa hapa.

Ngome ilianguka Machi 6, 1204, na kabla mwaka haujaisha Normandy yote ya bara ikawa ya Ufaransa. Mwaka 1599 Henri wa Nne akaamuru ibomolewe.

Wageni wengi tuliowakuta walikuwa wakipiga picha mnara mkuu, na una haki yake. Ningekuwa mimi ndiye ninayewatembeza, ningeanza kuwasimamisha pale mteremkoni, nje ya lango.