Nilivyopima matundu ya chensoo kabla ya kuyagusa

Mzee mmoja anayevuna misindano huku Mafinga aliniletea Husqvarna 372XP yake. "Fundi, kuna kijana tunakata naye Sao Hill ana mashine kama hii hii, lakini yangu inaachwa. Nitanulie matundu." Nikamwambia, "Mzee, niachie wiki moja, nipime kwanza." Aliona namchelewesha. Lakini miaka miwili nyuma nilishaharibu silinda ya mtu kwa kukisia. Nilipandisha tundu la moshi kwa jicho tu, mashine ikawa inalia vizuri hewani, ikiingia kwenye gogo inakufa. Silinda mpya nilimlipa mimi. Tangu siku hiyo sishiki jiwe la kusagia kabla sijaandika namba.

Injini ya mipigo miwili haina valvu. Pistoni yenyewe ndiyo mlango. Ikishuka, kichwa chake hufungua kwanza tundu la moshi, kisha matundu ya pembeni yanayopandisha mchanganyiko wa petroli na hewa kutoka chini. Ikipanda, sketi yake, yaani ukingo wa chini, hufungua tundu la kabureta. Kwa hiyo muda wa kila tundu unatokana na urefu lilikochongwa ukutani. Kuligusa ni kubadili saa ya injini nzima.

Nilichapisha duara la digrii 360 kwenye duka la steshenari la karibu, nikalibandika kwenye kipande cha plaiwudi na kulifunga kwenye ncha ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, upande wa flaiwili. Mshale ulikuwa waya mgumu uliobanwa na boliti ya kava. Kazi inayowashinda wengi ni kupata mahali pistoni inapofika juu kabisa, kwa sababu pale juu krenki inazunguka digrii kadhaa pistoni ikiwa kama imesimama. Ukitegemea macho utakosea. Nilichukua plagi mbovu, nikavunja kaure yake, nikachomelea boliti yenye ncha ya mviringo, nikaifunga kwenye tundu la plagi. Nikazungusha taratibu mpaka pistoni ikagusa boliti: digrii 24. Nikarudisha upande wa pili mpaka ikagusa tena: 30. Nikasogeza mshale hadi pande zote mbili zikasoma 27. Hapo sifuri yangu ikawa ya kweli.

Kisha nikatoa bomba la moshi na kabureta, nikamulika kwa tochi ya simu. Mwanga unapoanza tu kupenya juu ya pistoni, unasoma. Kila kipimo nilikirudia mara tatu. Tundu la moshi lilifunguka digrii 102 baada ya kilele (pale pistoni inapofika juu kabisa), yaani linakaa wazi digrii 156. Ya pembeni yalifunguka 121, yanakaa wazi 118. La kabureta lilifunguka 75 kabla ya kilele, jumla 150. Kati ya moshi na ya pembeni kuna digrii 19, na hiyo ndiyo nafasi ya moshi kupungua shinikizo kabla mchanganyiko mpya haujaingia. Ikiwa finyu mno, moshi unarudi chini kwenye kasha la krenki.

Sasa nikapima uwazi kati ya pistoni na kichwa cha silinda. Niliingiza waya laini wa kulehemu kupitia tundu la plagi hadi ukagusa ukuta juu ya pini ya pistoni, nikazungusha, nikautoa ukiwa umebanwa: milimita 1.1. Ni mwingi. Gasketi ya chini ya silinda ilikuwa milimita 0.5, kwa hiyo nikaitoa na kufunga kwa silikoni inayostahimili joto. Waya ukasoma 0.6. Chini ya 0.5 mimi sishuki, kwa sababu mashine ikipata joto na kasi vyuma vinasogea.

Lakini silinda ikishuka, kila tundu linashuka nayo. Nilipopima upya, moshi ulifunguka 104, ya pembeni 123, na la kabureta 76.5, yaani lenyewe liliongezeka muda. Ya pembeni kuchelewa kidogo sikuona vibaya: moshi ukirudi 102, nafasi ile ya 19 itapanuka, na hiyo inasaidia. Moshi ndio nilitaka urudi 102. Wengine wangeenda 98, ila mzee anakata magogo mazito na anataka mashine inayovuta.

Digrii mbili ni milimita ngapi? Nilitoa silinda, nikaweka krenki kwenye 104, nikapima kwa venia (kipimo cha sehemu za milimita) kutoka uso wa kasha hadi kichwa cha pistoni, usawa wa pini ambako haitikisiki. Nikarudisha hadi 102, nikapima tena. Tofauti ilikuwa milimita 0.6.

Nilipaka wino mweusi ndani, nikachora mstari 0.6 juu ya tundu, nikasaga kwa jiwe dogo nikifuata upinde ule ule wa kiwandani. Upana sikuugusa, kwa sababu ringi ikipoteza pa kuegemea itachomoza na kunasa. Mwisho nikalainisha kingo zote kwa mkono, maana utando mgumu wa ukuta ukiachwa na kingo kali unabanduka. Nikaosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe.

Bomba nalo nilipanua tundu la kutokea, lakini wavu wa cheche nikaurudisha. Msimu wa kiangazi shamba la misindano linaungua kwa cheche moja.

Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ilitoka psi 150 hadi 170 kwenye geji. Huku tuko zaidi ya mita 1,800 na hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta niliiweka upya na mita ya mizunguko mkononi, nisizidi mizunguko 13,500 kwa dakika, kiwango cha kiwandani. Bila mzigo ikikohoa kidogo, ndani ya mti sauti inasafika. Kwenye gogo la sentimita 40, mnyororo ule ule ukiwa umenolewa upya kila mara, wastani wa mikato mitatu ulishuka kutoka sekunde 14 hadi 11. Sehemu ya ushindi huo ni ya bomba, nilimweleza hivyo.

Baada ya wiki tatu alirudi. Nikafungua bomba, pistoni haina mkwaruzo. Safari hii alikuja na chensoo ya pili, yenye silinda isiyo ya kiwanda. "Ifanye kama ile." Nikafunga duara: moshi ulikuwa unafunguka 99 tayari, mapema kuliko 102 ya ile ya kwanza.

"Hii, mzee, sisagi," nikamwambia. Nikalainisha kingo, nikaweka plagi mpya, nikamrudishia mashine yake na gasketi yake ndani.