Niliyemwita Mheshimiwa

Wiki ya pili sasa hii kitu inanizunguka kichwani, nikaona bora niiandike nipumue.

Kazini kuna jamaa mmoja ambaye tangu nianze pale, miezi minane hivi, nilishamhukumu nikamaliza. Siku yangu ya kwanza tuliwekwa meza moja kwenye kikao, tukapiga stori kama saa nzima, tukacheka, nikasema afadhali, angalau nimepata mtu wa kuongea naye huku. Kesho yake asubuhi nakutana naye koridoni, mi natabasamu mpaka magego yanaonekana, yeye kanipita kama kapita nguzo. Yani nguzo. Nikabaki na tabasamu langu nisijue nilipeleke wapi, nikajifanya naangalia simu.

Nikasema aah, kumbe ndo hawa hawa.

Toka siku hiyo nikaanza kumwita Mheshimiwa, si mbele yake, na jina likashika ofisi nzima. Ukishampa mtu jina kama hilo kila anachofanya kinalitimiza. Anakaa kona ileile kila siku: maringo. Ukiingia anakuangalia kimya mpaka uongee wewe kwanza: maringo. Bosi wetu mzee mmoja ana ndevu nyeupe na anatembelea fimbo, huyo akitokea tu hata kwa mbali Mheshimiwa anasimama anamsalimia kwa jina na cheo juu, basi hapo mi nikawa nawakonyeza wenzangu, mnaona, salamu zake ni za wakubwa tu. Alipokuja binti mpya mwezi wa pili uliopita nikamvuta pembeni nikamwambia usijisumbue na yule, hata ukimsalimia hatakujibu. Nilidhani namsaidia.

Afu umeme ukakatika.

Ilikuwa jioni, tumebaki kama watu watano, giza likaingia ghafla lile la kutoona hata kidole chako. Mtu akajigonga kwenye droo akatukana, mwingine anapapasa simu yake kwenye makaratasi. Mi nilikuwa natoka, nimesimama karibu na mlango, sijafungua mdomo kabisa. Kutoka kule kona nikasikia sauti yake, tulivu kama hakijatokea kitu, anawapanga watu kwa majina, wewe usirudi nyuma kuna waya, wewe simu yako inatetemeka upande wa kulia, afu akanitaja mimi, "dada uko mlangoni, shika ukuta wa kushoto ngazi iko karibu." Alijuaje ni mimi? Sikuwa nimesema neno hata moja.

Umeme ukarudi baada ya dakika chache. Nikamgeukia nimshukuru, niko hatua mbili mbele yake, funguo nimeshazitia mkobani, na nikaona macho yake yananipitia usoni yanaenda kwa mwingine yanarudi, yanatafuta. Mtu aliyenijua gizani taa zimewaka hanijui! Hapo ndo kitu kilinigonga tumboni.

Tukashuka ngazi pamoja, nikamuuliza. Alikaa kimya ngazi kama sita hivi, afu akasema, "Dada, mi sura hazikai. Naiona, nikigeuka imeshafutika." Anaona macho, anaona pua, anaona mdomo, anaona vizuri tu kama wewe na mimi, shida ni kwamba havijikusanyi kuwa mtu. Amezaliwa hivyo. Akiwa mdogo aliwahi kumshika mkono mama wa mtu mwingine akaondoka naye kwa sababu gauni lilifanana. Alikuwa anacheka akinisimulia, mi sikuweza kucheka.

Nilipofika nyumbani nikasoma mpaka usiku wa manane. Kitaalamu inaitwa prosopagnosia, jina lilitolewa na daktari Mjerumani, Joachim Bodamer, mwaka 1947, kwa watu waliopoteza uwezo huo baada ya kuumia ubongo, lakini kuna wanaozaliwa nayo na wala si wachache, makadirio mengi yanataja kama watu 2 katika kila 100. Oliver Sacks, yule daktari wa mishipa ya fahamu aliyekuwa anaandika vitabu kuhusu wagonjwa wake, na yeye alikuwa nayo, aliwahi kueleza alivyomwomba radhi jamaa mwenye ndevu aliyekaribia kugongana naye, kumbe ni yeye mwenyewe kwenye kioo.

Sasa Mheshimiwa anaishije? Anasikiliza. Bosi anamjua kwa fimbo na ndevu, si kwa ubosi wake, na mimi nilikonyeza watu miezi minane kwa sababu ya fimbo. Jirani yangu wa meza anamjua kwa kikohozi kidogo anachokitoa kabla ya kuongea. Mimi ananijua kwa kikengele kwenye funguo zangu na namna mguu wangu wa kulia unavyoburuza kidogo, kitu ambacho mi mwenyewe sikukijua, nimetembea chumbani nikisikiliza na kweli unaburuza. Akaniambia mwezi wa tatu nilikuwa napanda ngazi polepole kama wiki tatu mfululizo, akajua kuna kitu ila akaona si mahali pake kuuliza. Mwezi wa tatu baba alikuwa amelazwa. Ofisi nzima wanaonijua kwa sura hawakuona kitu, maana sura nilikuwa naipaka poda na kuivalisha tabasamu kila asubuhi.

Na kukaa kona? Akikaa pale kila mtu anakuja kutoka upande mmoja, anapata muda wa kusikia hatua. Kukuangalia kimya anasubiri sauti. Kila tofali nililojengea maringo yake lilikuwa na kazi nyingine kabisa.

Kuna jambo moja limeniuma zaidi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Janine Willis na Alexander Todorov, waliwaonyesha watu picha za sura kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, wakawauliza huyu anaaminika au la, na majibu hayakutofautiana sana na ya waliopewa muda wote wanaotaka. Walipoongezewa muda hukumu ilibaki karibu ileile, kilichopanda ni uhakika wao. Nikasema huyo ni mimi sasa, miezi minane sikujifunza kitu kipya kumhusu, nilikuwa nazidi kuwa na uhakika tu.

Msije mkadhani nimemgeuza malaika. Mbishi yule, akianza hoja yake hakuachii mpaka ukubali, na kusema kweli maringo kidogo anayo, hasa akishakutambua kwa hatua tu kabla hujafika mlangoni, anajisikia. Ila hayo ni maringo yake mwenyewe, si yale niliyomshonea mimi.

Sasa niko kwenye mtego. Ameniomba nisimwambie mtu, hataki kuwa yule wa kuonewa huruma, anasema bora wamwone ana maringo kuliko wamwone mgonjwa. Na yule binti mpya bado anampita bila salamu kwa sababu yangu, na Mheshimiwa anajua, maana aliniambia kuna mtu mwenye viatu vyepesi ambaye akikaribia kona anaongeza mwendo. Jana nikamwambia binti, we msalimie tu, taja jina lako kwanza. Akaniuliza si ulisema hajibu? Nikajiumauma, nikasema nilikosea. Akaniangalia kama ananihesabu upya, na haki yake.

Leo asubuhi nimepishana na Mheshimiwa koridoni, akanipita. Nguzo tena. Nikasimama nikashangaa mpaka nikakumbuka, jumapili nilibadilisha kishikio cha funguo, kile cha kikengele nikakitupa kwenye droo kwa sababu kilikuwa kimechakaa.

Nimefika nyumbani nimefungua droo, nimekirudisha.