Gunia la mahindi

Novemba 2018 nilikuwa mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Mwanza, nafundisha somo la maadili kwa mwaka wa kwanza, darasa limejaa hadi wengine wanaandikia magotini. Siku hiyo ilikuwa zamu ya dimbwi la mwanafalsafa Peter Singer. Mwaka 1972, akiwawazia wakimbizi wa Bengali ya Mashariki, Singer aliuliza: unapita kando ya dimbwi, mtoto anazama, kumtoa kutakuchafulia nguo tu, utamwacha? Na kama huyu huwezi kumwacha, mbona unamwacha anayekufa njaa mbali na macho yako?

Nikachora dimbwi ubaoni, na kitoto kimeinua mikono. Darasa likawa kimya. Nikadhani hoja imewaingia. Kumbe mwenye kutofikiri nilikuwa mimi: ilikuwa miezi miwili tu tangu kivuko cha MV Nyerere kipinduke Ziwa Victoria, Septemba 20, kikitoka Bugolora, kimeshakaribia gati la kisiwa cha Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa. Na mimi, mwalimu wa maadili, nimeshika chaki nawachorea mtoto anazama. Aibu ile ninayo hadi leo.

Nyuma akasimama kaka mmoja wa Ukara, mtu mzima, aliyevua samaki miaka kadhaa kabla ya kurudi shule.

"Samahani mwalimu. Hilo dimbwi lina kina gani?"

"Magotini."

Wakacheka. "Basi hapo hakuna swali. Kwetu mtu akianguka ziwani humrukii. Atakukwea kichwani mzame wote. Unamtupia dumu tupu alikumbatie."

Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, lakini yeye alishahamia Kiswahili na sikuwa na moyo wa kumrudisha.

Kipindi kilipoisha nikamkuta ananisubiri mlangoni. Akasema mama yake ni mchuuzi wa mahindi. Alhamisi ile ya ajali ilikuwa siku ya gulio Bugolora. Mama alipakiza gunia lake kwenye kivuko, mwenyewe akabaki kumngoja mtu aliyekuwa na deni lake.

"Kile kivuko ni cha abiria 101 na tani 25 za mizigo. Hizo hesabu mama kazisikia redioni, baadaye. Sasa kila nikimpigia simu ananiuliza neno moja tu: mwanangu, na lile gunia langu lilizamisha watu?"

Kilo 100 katika tani 25. Nilijikuta nagawanya kichwani, Mungu anisamehe.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba swali la mama huyo ndilo nililokuwa naliandikia makala. Chuoni hupandi cheo bila machapisho, na yangu ilihusu watesi wa mwanafalsafa Derek Parfit, mfano wake wa mwaka 1984: watesi elfu moja, kila mmoja anabonyeza kitufe kinachowaongezea wafungwa maumivu kidogo mno, kiasi kwamba hakuna anayeihisi ile nyongeza. Kila mmoja anaweza kuapa kwamba hajamuumiza mtu. Parfit anakataa. Kitendo chaweza kuwa kibaya, asema, kwa kuwa ni kimoja kati ya vingi vinavyodhuru kwa pamoja, hata kama peke yake hakimdhuru yeyote. Nilikuwa na kurasa 30 za kumtetea.

Nikaanza kumweleza kaka yule, natafuta maneno ya Kiswahili. Nikaongeza kwamba watesi wanajua wanachofanya na mama hakujua. Kwamba kuhesabu ilikuwa kazi ya wengine. Alinisikiliza kwa adabu, begi kifuani.

"Kwa hiyo nikamwambie hivyo?"

Nikamwambia hapana, usimwambie hivyo.

"Nimwambie nini?"

Sikuwa nacho. Ili tu nisinyamaze, nikamuuliza kama yule mdaiwa alimlipa mama deni lake.

"Hakutokea," akasema. "Mama alimngoja mpaka kivuko kikamwacha."