Akriliki ileile, asubuhi namba hii, mchana nyingine

Asubuhi kipande changu cha akriliki, plastiki angavu kama kioo, kilinipa 1.4912 kwenye rifraktomita, mashine inayopima jinsi kitu kinavyopinda mwanga. Saa nane mchana, kipande kilekile kwenye rifraktomita ileile, nikasoma 1.4903. Kwa wiki nzima niliamini mashine imeharibika. Nilisafisha prizimu, nikabadilisha taa, nikamwomba mwenzangu asome yeye. Akapata kama mimi.

Ufumbuzi ulitoka kwenye maji. Kipimo cha mpindo wa mwanga cha maji safi ni 1.3330 kwenye nyuzi 20, na hushuka hadi 1.3319 kwenye nyuzi 30. Nilidondosha maji hayo asubuhi na mchana, na mara zote mashine ikakubaliana na jedwali. Kumbe nzima. Chumba ndicho kilichokuwa kimepanda kutoka nyuzi 24 hadi 33.

Nikaamua kupima kwa utaratibu. Rifraktomita yetu, ya aina iitwayo Abbe, ina njia ya kupitisha maji kuzunguka prizimu, ila mtambo wa kuyazungusha hatukuwa nao. Nilitumia boksi la kuhifadhia barafu, pampu ndogo ya tangi la samaki, mipira miwili ya kupitishia maji na hita ya kuchovya. (Chomoa hita kwenye umeme kabla hujatia mkono majini, tafadhali.) Uso wa kipande niliusugua kwa msasa laini wenye maji, kisha kwa dawa ya meno, hadi ukang'aa. Kati yake na prizimu niliweka tone la zinki kloraidi iliyokolea katika maji, kwa kuwa vimiminika vingi vinavyofaa kwa kioo huila akriliki na kuitia nyufa.

Kazi kubwa ilikuwa kusubiri. Siku ya kwanza nilisoma baada ya dakika tatu, na namba zikapishana ovyo. Kisha nikaacha jicho kwenye lenzi ya kutazamia: mstari unaotenga giza na mwanga ulikuwa bado unatambaa, taratibu mno, kama kivuli ukutani. Akriliki hupitisha joto polepole. Baada ya robo saa mstari ulitulia, na tangu hapo sikusoma mapema tena.

Kutoka nyuzi 20 hadi 50, namba ilishuka kutoka 1.4916 hadi 1.4884, yaani takriban 0.0001 kwa kila nyuzi. Akriliki ikipata joto hutanuka karibu mara kumi kuliko kioo cha kawaida. Molekuli zinaachana, mwanga unakutana na chache zaidi njiani, kwa hiyo mpindo wake unapungua. Vioo vingi vya lenzi havibadiliki hivyo. Baadhi hata hupanda kidogo sana.

Haya yote yalianzia kwenye kisanduku cheusi nilichotengeneza kupima mwanga wa jua, chenye lenzi ya akriliki ya fokasi (umbali ambapo lenzi hukusanya mwanga) milimita 200. Kila adhuhuri doa la mwanga lilififia kingo, nami nikalaumu gundi. Nilipopiga hesabu ya mpindo pamoja na kutanuka kwa lenzi yenyewe, kutoka nyuzi 24 hadi 50 fokasi inasogea karibu milimita moja na nusu. Nikakipaka kisanduku rangi nyeupe kwa nje, nikatoboa matundu ya hewa, kisha nikafunga lenzi kwenye skrubu ndefu. Sasa naiweka sawa saa sita mchana, ndani kukiwa kumepata moto, si asubuhi kama zamani.